Sifuri Saba Saba

Mara ya kwanza iliita saa tisa na dakika kumi za usiku,
nimetoka zamu, soksi moja mguuni, ya pili mkononi.
Sifuri saba saba sifuri sifuri, mia tisa,
halafu tarakimu tatu nisizozijua.
Nikaiacha ilie mpaka ikachoka.

Hull, usiku wa manane, Februari:
mtu hapokei kitu asichokijua.
Benki haipigi saa hiyo. Uhamiaji nao hulala,
nilijiambia, ingawa moyo haukunisadiki.
Simu ya nyumbani ingetanguliza mbili tano tano,
na simu ya nyumbani usiku ina habari moja tu.

Alhamisi iliyofuata ikaita tena.
Nikapiga mimi mchana; haikupokelewa.
Shemsa, tunayegawana naye jiko na bili ya gesi,
akasema: weka ile programu ya kutambua namba,
ina majina ya watu wote, hata waliokwisha kufa.
Nikaiweka. Ikataka kwanza orodha yangu nzima:
fundi, shoga, imamu, mkopeshaji,
mama mdogo niliyemwandika Usipokee Mwisho wa Mwezi.
Nikabonyeza kubali,
kama mtu anayeuza nyumba ya ukoo
ili anunue ufunguo.

Haikuniletea jina. Ilileta majina,
nayavusha kwa lugha yetu:
Mzee wa Njiwa.
Derek wa Mapaa.
Nyumba ya Kona, Mbwa Mkali.
Baba Yake Lorraine, Usipokee.
Kila mmoja kamkata kipande akaenda nacho.

Kisha, nani asingefanya? nikaandika namba yangu mwenyewe.
Miaka sita katika mji huu
wenye vibanda vya simu vya rangi ya maziwa
visivyo na mtu ndani:
Mlezi Usiku Wa Pili.
Mlezi, Yule Mrefu.
Sina Uhakika.
Bakuli Langu Lirudi (huyu ni Shemsa, sikuuliza).
Na chini kabisa, kwa herufi kubwa tupu,
kama zilizobonyezwa na kidole kinachotetemeka:
BINTI.

Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.
Mimi, Hull, sijawahi kuwa binti wa mtu.

Alhamisi ya tatu nikapokea.
Pumzi. Birika likianza kuchemka.
Nyuma yake njiwa wakiguna, wameamshwa na taa.
"Lorraine?" sauti ikasema.
Tena, chini zaidi: "Lorraine, usikate."

Sikukata. Wala sikujibu.
Ile saa sasa niliijua.
Saa tisa na dakika kumi nilikuwa namgeuza ubavu
Maureen Blenkin, mgonjwa wangu wa Alhamisi,
aliyenisahihisha Kiingereza changu
mpaka siku tatu kabla hajafa,
na mumewe chumba cha pili akijifanya amelala.

"Nimeikuta kwenye simu yake," akasema.
"Imeandikwa Binti. Nikajua alikuwa anaongea na wewe
kwa siri, miaka yote hii,
na mimi nikafurahi. Nataka ujue hivyo. Nilifurahi."

Ningeweza kunyamaza.
Ukimya ungempa mtoto hadi asubuhi.
Nililifikiria hilo, siwafichi,
nililipima kama dawa kwenye kijiko.

"Bwana Blenkin," nikasema, "ni Mwanakombo.
Wa usiku. Yule mrefu."

Birika likapiga filimbi, hakuliondoa.
Nilisikia maji yakimwagikia jiko,
nikasikia kiti.
Nikangoja akate. Angekuwa na haki.

"Mwana nani?"

Nikarudia.

"Yeye alikuandika Binti tu," akasema,
si kama anayelaumu. Kama anayesoma mita.
"Herufi zake?"

M, nikaanza. W. A.

"Polepole. Kalamu ya risasi imekatika ncha.
Usikate. Natafuta kisu."