Buluu Ipi

Sebuleni wavulana wana mpira wao,
basi filamu ya mchoraji tumeihamishia jikoni,
Al Khoud, saa tano usiku, kiyoyozi kinakoroma,
simu imeegemea chupa ya kahawa.

Bi Thuwaiba macho yameingia ukungu.
Mimi ndiye macho.
"Anafanya nini?"
Anafuta.
"Tena?"
Tena. Sasa anatia buluu.
"Buluu ipi? Ya nili, au ya mshipa?"

Nasita. Filamu ni kongwe,
nyeusi na nyeupe tupu;
rangi zote namzulia tangu mwanzo,
hata lile zulia jekundu alilolisifu.

"Ya mshipa," nasema.

Anapapasa mgongo wa mkono wake
polepole, mpaka kwenye bangili.
"Hapo sasa. Bwana huyo anajua.
Usizime."