Zamu ya Maji

Kwetu mshipa ni mshipa.
Wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa,
hata ule uliomzuia babu kukaa kigodani
nao waliuita mshipa, ila walishusha sauti.
Ndiyo maana Daktari Lyatuu aliponiambia,
"Aikande, leo nataka kuusikiliza mshipa wako,"
nikamwuliza: upi?

Akacheka. Akapapasa pembeni ya goti,
chini kidogo, pale mfupa unapojitokeza,
akachoma sindano nyembamba kama unywele,
akawasha kipaza sauti.
Nikasikia mvua.
Kweli tena, mvua ya vuli juu ya bati, inakuja kwa mafungu:
shaa, kimya, shaa-shaa, kimya.
"Huyo ni wa fahamu," akasema.
"Anaiamuru mishipa ya damu ijibane."

Wiki ya ishirini na nne, Ijumaa, Moshi ina baridi.
Dirishani Kibo kajifunika wingu
kama mzazi anayekwepa kijicho.
Sista Ndelilio akaleta beseni la barafu:
"Tia mkono mpaka kifundoni. Dakika mbili. Usitoe."
Nikatia. Mifupa ikalia.
Na ile mvua, jamani, ikawa gharika!
Bana! Bana! Bana! bati zima linatetemeka,
mlinzi kapuliza filimbi mpaka mashavu yamemvimba,
na presha yangu je?
Sista akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena.
Imepanda kidogo tu,
kama mtu aliyeinua nyusi
akaendelea kumenya ndizi zake.

"Amri zimezidi, utii umepungua," daktari akasema.
"Mishipa yako imelegea. Inaitwa, haishtuki.
Kwa nini hasa, bado tunatafuta."
Nilimpenda pale aliposema bado.

Mimi ni binti wa mlinzi wa mfongo, Kidia.
Baba alikuwa na jembe, na orodha kichwani:
Jumatatu kwa Mmari, Jumanne kwa mjane wa Kiwelu,
Jumatano ugomvi.
Mlango wa maji aliuziba kwa magome ya mgomba na udongo,
lakini nyumba yenye mzazi ilipofikiwa na zamu
aliuacha wazi, akaenda zake.
Wa chini waliita mpaka koo zikakauka.
Naye hakuwa kiziwi.
"Waache waite," alisema. "Kelele hazijazi ndoo."

Dada yangu Elinaike, kwake mishipa ilitii.
Mwezi wa nane. Viatu viliikataa miguu,
kichwa kikagonga kama mtu yuko mlangoni,
akaona nyota mchana, katikati ya soko la Kiboriloni.
Akasema ni njaa. Akanunua ndizi mbivu mbili, akala moja.
Kifafa cha mimba hakikungoja ya pili.
Habari hii sikumpa daktari.
Nilimpa mkono tu, uliokufa ganzi,
na saini yangu kwenye karatasi tano.

Siku hizi nikiinuka kitandani dunia inatangulia,
mimi nafuata.
Nashika fremu ya mlango, nahesabu mpaka saba.
Aminieli anauliza, umeona nini?
Sijaona kitu. Damu imeshuka kuchungulia miguuni,
itapanda, haina haraka,
mifereji yote imepanuliwa
na juu kule kuna mtu anapuliza filimbi, anapuliza,
hajaambiwa kwamba nyumba ina mgeni.

Ama ameambiwa. Labda ndiyo sababu hachoki:
asipopuliza, maji yote yangeteremka bondeni
na mimi ningelala sakafuni.
Hilo nitamwuliza daktari Ijumaa.

Nawe uliye ndani, kunywa.
Leo ni zamu yako.
Wanaoita nawasikia.
Nimeketi ukingoni, jembe mapajani.