Mpira wa Kiunoni

Maji ya Newala yana bei, kwa hiyo sifui kwa hasira.
Ndoo tatu kwa jezi kumi na nane:
ya kwanza ya udongo, ya pili ya povu,
ya tatu naitunza hadi jioni, nimwagilie mchicha.

Wao wamekalia magunia matupu yanayosubiri msimu,
nje ya ghala la korosho, hatua kumi kutoka kambani kwangu,
wanaizika Salfa.
Mechi kumi na nne, pointi tisa.
Timu ambayo ikiingia tu uwanjani
wapinzani walikuwa wanaanza kupiga chafya!

"Ni kocha," anasema Mnalumba, fundi baiskeli.
"Katuletea mfumo wa kwenye karatasi.
Mtoto wa Kitangari unamwambia arudi nyuma akabe,
naye tangu azaliwe anajua mbele tu?"

"Kocha gani! Kipa."
Huyo Hokororo, hajakosa mechi wala hajawahi kulipa kiingilio.
"Ile ya Masasi alinuka uraka.
Mpira unapita kushoto, yeye anaupungia mkono
kama anamuaga shangazi."

Wanacheka, halafu wanakumbuka kwamba ni msiba.

Akatajwa mwamuzi. Ukatajwa mguu wa kuku
uliofukuliwa penye mlingoti wa goli la kusini;
Chitanda akaapa kauona kwa macho yake,
na alipobanwa akasema aliyeuona ni shemeji yake.
Akatajwa Nambunga, mfungaji wetu,
aliyeuzwa Nachingwea kwa bei ya pikipiki,
na pikipiki yenyewe sasa inamletea mwenyekiti hesabu kila jioni.
Hapo sauti zikashuka.

Mimi naanika.
Nani amuulize mfuaji?
Lakini magoti ya kipa yana udongo mwekundu
usiotoka hata kwa jiki.
Namba sita, kwapa zake zimepauka kwa chumvi.
Walikimbia, hawa watoto. Walikimbia.

Ila bukta.

Mwezi wa sita alikuja nahodha, kaishikilia yake kwa ngumi:
"Dada Asumini, inanivuka."
Nikapunguza mpira wa kiunoni, vidole viwili.
Mwezi wa nane wakaja saba.
Mwezi wa tisa nilishona zote,
na beki wa kushoto nilimpunguzia mara ya tatu
akiwa kasimama mlangoni, anaitazama sufuria yangu ya ming'oko
kwa namna ambayo mtu hatazami ming'oko.
Nilimpakulia. Akala wima,
akaosha sahani bila kuambiwa,
akaenda mazoezini.

Shilingi kumi kwa kila kilo tulikatwa msimu uliopita,
wote, kwa ajili ya chakula cha kambi.
Mimi kilo mia mbili na arobaini.
Karatasi ipo, imekunjwa ndani ya kopo la vifungo.

"Basi," anasema Hokororo, anajikung'uta makalio,
"sisi mpira hatuna."

Nikajikuta nimesema, vibanio vingali mdomoni:
"Mpira ninao mimi.
Vidole viwili kwa kila bukta,
na kwa wengine sita."

Hokororo akadhani natania, akacheka peke yake.
Mnalumba akauliza chai kama ipo.
Chitanda ndiye aliyeitazama kamba,
bukta kumi na nane zimejaa upepo,
viuno vyake kama vya watoto wa darasa la nne.
Akaitazama tena.
Kisha akaanza kuhesabu kitu kwa vidole,
taratibu, midomo inacheza:
kilo za ghala zima, mara kumi.

Sikumsubiri amalize.

Mpira huo sikuukata.
Niliukunja kwa ndani, nikapiga mshono mrefu,
uzi mweupe juu ya kitambaa cha kijani,
ili siku ya kuufumua nisihangaike kuutafuta.