Nusu kwa Nusu

Futi ya Mwalimu Ndahani ililiwa na panya
sentimita nne za mwanzo,
kwa hiyo tulianza kupima kwenye kumi,
mwishoni tukaitoa ile kumi,
na ndivyo nilivyojifunza
kwamba kipimo chenye kasoro hakidanganyi
ukiijua kasoro yake.

Darasa la sita, Hombolo, kiangazi,
vumbi limekaa juu ya herufi.
"Mita ni kamba," alisema. "Mita ya mraba ni mkeka.
Nani kati yenu hulala juu ya kamba?"
Akachora mraba wa chaki sakafuni,
mita moja huku, mita moja huku,
akatuita tusimame ndani.
Tukaingia kumi na mmoja.
Nyemo, wa kumi na mbili, akabaki na mguu nje.

Sentimita mia ni mita moja, hilo tulilijua.
"Basi mita moja ya mraba
ina sentimita za mraba ngapi?"
Mia! Darasa zima.
Akanyamaza kama mtu aliyerudi jioni
na ng'ombe pungufu.
Elfu kumi, akasema.
Sikumwamini.

Sikumwamini mpaka Baba mdogo Chedego alipokuja na vigingi,
wiki ya sita tangu tumzike baba.
Shamba la zabibu: mita mia kwa mia,
mche kila baada ya mita mbili,
mistari hamsini, kila mstari miche hamsini.
"Tugawane kindugu, shemeji, nusu kwa nusu.
Ulikuwa na mia, chukua hamsini.
Hamsini huku, hamsini huku.
Nani atasema nimemdhulumu mjane?"
Hakuna aliyesema.
Hamsini ni nusu ya mia,
hata mbuzi wa mwenyekiti anajua.

Mama hakusoma. Alfajiri alikipita kipande chake
akigusa kila mche kichwani
kama anayehesabu watoto wakati wa kulala.
Aliporudi alisema tu: "Ni michache."

Usiku nikaandika kwa mkaa nyuma ya mlango:
ishirini na tano mara ishirini na tano.
Mia sita ishirini na tano.
Nikafuta, nikaandika tena.
Katika elfu mbili na mia tano
iliingia mara nne, bila baki.

Mkutanoni nilisoma namba zangu,
karatasi ikitetemeka,
wazee wakipiga miayo.
Mmoja aliuliza kama nimeshachota maji.
Mama akasimama. Akafungua kanga ya mabegani.
"Hili ndilo shamba." Akaikunja mara moja.
"Hii ni nusu ya Chedego."
Akaigeuza, akaikunja tena, upande wa pili.
"Na hii pia ni nusu yake."
Akampa mwenyekiti. "Hesabu tabaka."

Mwenyekiti alizifunua pembeni kwa kidole gumba.
Moja. Mbili.
Tatu.
Ya nne aliishika muda mrefu kabla ya kuitaja.

Baba mdogo akaitazama ile kanga,
midomo yake ikienda kimyakimya,
huku hamsini, huku hamsini.
"Sikujua," alisema.
Sasa napima viwanja vya watu, Nala, Mkonze,
kwa mashine inayoongea na anga,
na bado sijui kama siku ile alisema kweli.

Kamba ikavutwa upya, mia kwa hamsini,
ikanyooka vizuri kati ya mistari
mpaka ilipofika kwenye kaburi.
Mita mbili kwa moja, pengine na kidogo.
Mwenyekiti akauliza zikatwe upande wa nani.
Mama alikuwa anakung'uta kanga,
mikunjo imegoma kutoka.
Hakujibu.
Baba mdogo naye hakujibu.
Hapo tukaipindisha kamba.