Penseli Pembezoni

Theluji imeziba mlango wa nyuma hapa Toledo,
kiwanda cha vioo kimetupa likizo tusiyoiomba,
nami nimejilaza na kitabu cha maktaba,
jaladani roboti kavaa miwani ya jua.

Ni mwaka elfu mbili mia moja na ushei.
Mji umechimbwa chini ya barafu, mwezi mmoja wa Mshtarii,
na watu wa huko, maskini, wanaona kiu
ya vitu tulivyovitupa jalalani:
kaseti za kurudishwa nyuma kwa kalamu,
televisheni isiyoona mpaka ipigwe kofi.

Nacheka peke yangu. Paka ananitazama.
Nilianza kwa pupa; sasa nasoma kwa uchoyo,
kurasa nazibania kama sukari ya mwisho wa mwezi.

Ukurasa wa mia na tisini, nahodha Tamsel
anaikuta mashine ya michezo ya sarafu,
anatumbukiza robo dola, inawaka.
Nikasema kwa sauti: uongo huo!
Mashine zile zilitaka teke kwanza,
teke la ubavuni, chini kidogo ya kitundu.
Nani asiyejua?

Kumbe yupo mwingine anayejua.
Pembezoni, kwa penseli iliyofifia:
"Teke kwanza."

Nikaketi.

Tangu hapo nasoma vitabu viwili.
Mwandishi ananivuta mbele, kwenye makombora;
huyu wa penseli ananirudisha
ukumbini kwa Bwana Fazekas,
zulia linanuka soda iliyomwagika juzi,
mimi na Lorna tumechanga nauli yote,
kisha nyumbani kwa miguu, masikio ganzi,
tukibishana nani kafa kizembe.

Ukurasa wa mia tatu na mbili anaandika:
"Wimbo huu ulitoka kiangazi."
Hapo kakosea. Nikapekua droo nzima.
Sijawahi kuchafua kitabu cha watu,
mama hakutulea hivyo,
lakini niliandika, mkono ukitetemeka kama wa mwizi:
"Vuli. Nilikuwa na koti."

Tamsel anauokoa mji, nani alitegemea vingine.
Jumanne, barabara ikifunguka, nitakirudisha.
Nitamwambia Bi Ottilie ni kizuri, kina makosa.
Halafu kila mwezi nitapita rafuni
nikifunue ukurasa ule,
kama tulivyokuwa tukipenyeza kidole
kwenye kitundu cha chenji, kila mashine, tukitoka,
huenda mtu kasahau sarafu.