Unga wa Sikudhani

Kidole gumba cha mguu wa kulia
ndicho kilichoanza fitina.
Usiku wa manane, Mbagala Kizuiani,
shuka lilinigusa tu, shuka la pamba,
nikapiga yowe, jirani akawasha taa.
"Nyoka?" Si nyoka. "Mwizi?" Si mwizi.
Ni kongoro la Jumamosi, limerudi kudai.

Daktari wa Temeke akasoma karatasi:
jongo. Asidi imezidi kwenye damu,
inaganda kiungoni kama chumvi chunguni.
Akanivika mkononi kile kitambaa cha kupulizwa,
akatazama namba, akaitazama tena.
"Na presha pia, mzee Kondo. Unazo zote mbili."
Kama mtu anayenipongeza kwa kupata mapacha.

Sasa, mke wangu, Sikudhani binti Mwinyimkuu,
ndiye muuzaji wa dawa za hayo hayo.
Meza yake ipo Rangi Tatu,
chini ya mwavuli wa kampuni ya simu:
mlonge uliosagwa, choya nyekundu,
mbegu za maboga,
kitunguu saumu kilichozamishwa asalini,
kila kopo na karatasi yake, mwandiko wa mjukuu:
PRESHA. GAUTI. PRESHA NA GAUTI.
NGUVU ULIZA.

Asubuhi hunikorogea kikombe,
kichungu kama maneno ya shemeji,
akalitazama koromeo langu
mpaka lipande, mpaka lishuke.
"Mti hauna kiwanda," husema,
"na kisicho na kiwanda hakina hila."
Nami nameza. Nani atamkatalia
mtu aliyetwanga majani usiku kucha
kwa mkono ambao nao unauma?

Lakini Jumanne nasema naenda kucheza bao,
naenda kliniki.
Benchi la mbao, namba arobaini na tatu,
vidonge vya aina mbili,
navificha ndani ya redio mbovu
palipokuwa na betri.
Kila saa mbili usiku natengeneza redio.
"Hiyo redio haiponi tu?"
"Haiponi. Ila ukiiacha inazidi."

Miaka miwili. Namba zikashuka.
Sikudhani akanipeleka mezani niwe ushahidi:
"Mtazameni mume wangu! Huyu alikuwa anatambaa!"
Nikatembea hatua kumi mbele ya wateja
kama ng'ombe wa mnadani,
haya imenijaa hadi kidoleni.

Mama mmoja, Bi Chausiku wa Kongowe,
akanunua makopo matatu kwa mpigo.
"Vya hospitali natupa leo leo," akasema,
"vinanichosha."
Uso wake umevimba, pumzi fupi,
kilima cha kituoni tu kimemshinda.

Ulimi wangu ukanitoroka:
"Usitupe, mama."

Meza nzima ikanyamaza.
Sikudhani alifunga kopo, akalifungua,
akalifunga tena.
Nilingoja matusi.
Akarudisha makopo mawili kwenye safu yake,
akamrudishia yule mama pesa ya mawili.
"Hili moja kunywa kama chai," akasema.
"Vile vya daktari usiviache hata siku moja.
Na kesho nenda ukapimwe. Nenda leo."

Njiani kurudi hatukusemezana.
Nilibeba mwavuli, yeye kapu.

Saa mbili usiku nikakaa mbali na redio.
Yeye akaingia uvunguni,
akatoa kopo lisilo na karatasi,
akakung'uta unga wa mlonge pembeni,
akavuta kwa kucha karatasi ya vidonge,
vyeupe, vile vile vyangu,
nusu vimeshaliwa.

"Fundi redio," akasema, "muda umefika."

"Sikudhani," nikajibu,
na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe
sikuwa namwita jina.

Choya ilikuwa imebaki kwenye jagi, baridi, bila sukari.
Tukamezea hiyo.