Hesabu ya Moshi

Mimi fundi jenereta, niliitwa kikaoni
kwa kuwa dizeli naijua hata kwa harufu.
Ghorofa ya pili, Igogo, ziwa limetulia dirishani.
Nyanzobe wa uhasibu kafungua jedwali:
mashine ya barafu, malori ya minofu,
lita mia tatu kila umeme ukikatika.
Alipofika kwenye ndege, kalamu ikasita.
"Ndege si yetu," meneja akasema.
"Na samaki aliyemo?"
Feni ikajibu peke yake.

Mpango unasema: miaka kumi na mitano, sifuri.
Paneli za jua juu ya bati, betri mahali pangu.
Sikupinga. Hata mimi kifua kimechoka.
Lakini sifuri ile, kwenye ukuta mweupe,
ilinitazama kama jicho la sangara barafuni.

Ndipo moshi ukaingia bila barua ya mwaliko.
Nyuma ya ukuta wetu kina Kabula wanabanika mapanki,
mifupa ile ile tunayowauzia kwa ndoo,
wakichochea kuni zilizovushwa kutoka Sengerema.
Penye moshi pana moto, hilo tunajua;
moto ni wa nani, methali haikusema.

Meneja akafunga dirisha.
Nyanzobe akainuka, akalifungua,
akachora mstari mpya chini ya jumla.
Kuni, akaandika. Kisha akanigeukia:
"Fundi, mzigo mmoja una kilo ngapi?"

Sikujua.
Nikashuka ngazi kwenda kuuliza.